Niliupiga Wimbo Wake, Sikulitaja Jina Lake

Chini ya kitanda changu hapa Kianyaga mna sanduku la bati lenye santuri 113. Kila santuri imo ndani ya bahasha ya kaki, na juu ya bahasha nimeandika jina la wimbo, jina la aliyeutunga, jina la mpiga gita na mahali alikotoka. Bahasha 9 bado hazijaandikwa kitu. Wajukuu wangu huniuliza kwa nini mtu mzima ashinde akiandika bahasha ambazo hazipelekwi posta. Leo nitawajibu wao, na nitakujibu wewe msomaji pia, kwani jambo lenyewe lawahusu wote waliowahi kukaa mbele ya kipaza sauti wakapiga muziki wa wenzao na kusifiwa wao.

Nilikuwa mpiga santuri wa redio kwa miaka 11. Vijana wa leo humwita mtu wa kazi hiyo dijei. Ni kazi tamu, sikatai. Unakaa peke yako katika chumba kidogo kisichopitisha kelele, huko nje watu wasiohesabika wanakusikiliza, na ukipanda matatu sauti yako hutambuliwa kabla ya uso wako. Lakini kila kazi ina deni lake, na deni la mpiga santuri silo lile ambalo watu hulidhania.

REDIO YA PESA ZA KAHAWA

Nilizaliwa mwaka 1962 katika kilima kinachotazama bonde la mto Nyamindi. Asiyeijua Kianyaga na aelezwe kwamba ni mji mdogo wa Gichugu, katika Kirinyaga, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kenya. Juu karibu na msitu ni chai, katikati ni kahawa, na chini kabisa, siku isiyo na ukungu, macho hufika hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea.

Mwezi wa Julai mwaka 1975 baridi kali iliteketeza mikahawa ya Brazil. Sisi watoto hatukujua Brazil iko wapi, lakini baridi hiyo ndiyo iliyotuletea gramafoni nyumbani. Bei ya kahawa ilipanda duniani kote mwaka 1976 na 1977, na wakulima wa kwetu wakapokea malipo ambayo hawakuwahi kuyaota. Huyu akaezeka nyumba mabati, yule akanunua ng'ombe wa gredi, na baba yangu, baada ya kulipa karo, akarudi kutoka Nairobi na gramafoni ya betri na santuri 12 zilizofungwa kwa gazeti.

Redio tulikuwa nayo tangu zamani. Wakati huo kituo kilikuwa kimoja tu nchini, Sauti ya Kenya, ambacho serikali ilikichukua mwaka 1964. Kwa Kiswahili tulisikiliza Idhaa ya Taifa, na zamu ya lugha ya nyumbani ilipofika baba alitunyamazisha sote. Mawe ya redio yakiisha nguvu, tuliyaanika juani yapate uhai wa siku mbili zaidi. Kipindi ambacho hakuna aliyethubutu kukizima kilikuwa kile cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966. Mbotela alieleza kitendo fulani cha watu, kisha akauliza swali lake. Mama naye, tukifanya utundu jikoni, alituuliza swali lilo hilo kwa sauti ile ile.

Lakini redio ilikuchagulia. Santuri ulijichagulia mwenyewe, na ndiyo sababu majirani walikuja kuziazima kila palipokuwa na harusi au Krismasi. Zilikwenda nyingi zikarudi chache. Baba akatafuta dawa: kila santuri iandikwe jina lake, kwa wino mzito, juu ya karatasi ile ya mviringo iliyo katikati. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesifiwa shuleni kwa mwandiko mzuri, kazi hiyo nilipewa mimi. Niliandika jina la baba kwa herufi kubwa, moja baada ya nyingine, nikajivunia kazi yangu. Msomaji, tafadhali likumbuke jambo hili. Tutalirudia.

SANDUKU LILIAJIRIWA, NAMI NIKALIFUATA

Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, na wizi wa kuzinakili ukaenea pamoja nazo, santuri zilikosa wanunuzi. Watu waliwapa watoto wazichezee kama magurudumu. Mimi nilizikusanya. Siku za kazi niliuza mbegu na mbolea, na mwisho wa wiki nilipiga muziki katika ukumbi mmoja wa Kerugoya, huku sanduku la baba likizidi kujaa.

Kumbe nyakati zilikuwa zikibadilika. Sauti ya Kenya iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, mwaka 1989. Mwaka 1996 Capital FM ikaanza kusikika Nairobi, na mwaka 2000 Kameme ikaja na utangazaji wa Kikuyu kutwa nzima. Watu walikuwa na kiu. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi mwezi wa Machi 1980 ilivyoagizwa kwamba robo tatu ya muziki wa redio uwe wa Kenya, na jinsi agizo hilo lilivyoondolewa kabla halijapoa. Sasa hapakuhitajika agizo. Wasikilizaji wenyewe walipiga simu kuuliza nyimbo za ujana wao ziko wapi.

Hivyo ndivyo nilivyoitwa mwaka 2001 na kituo kimoja, ambacho jina lake nitalihifadhi. Hawakuniita kwa uzuri wa sauti yangu. Walisikia kwamba kuna mtu wa Kianyaga mwenye sanduku. Kusema kweli ni sanduku lililoajiriwa, nami nikalifuata.

Walinipa Jumapili saa nane mchana. Wenzangu walitumia sidii na kompyuta, mimi nikaomba gramafoni mbili. Kazi yenyewe ni hii: wimbo mmoja ukiwa hewani, unaiweka sindano juu ya santuri ya pili, unaizungusha kwa kidole mpaka usikie sauti ya kwanza ya gita katika sikio moja, kisha unairudisha nyuma nusu mzunguko na kuishikilia. Sikio la pili linasikiliza mwisho wa wimbo ulio hewani. Unasema maneno yako, nawe wajua gita litalia sekunde ngapi kabla ya mwimbaji kufungua kinywa; ukiwa bado unaongea anapoanza kuimba, umemkosea adabu. Santuri iliyochakaa ikiruka, unaweka sarafu juu ya kichwa cha sindano. Mimi nilikuwa na ya senti 10, na ninayo mpaka leo.

Nilipendwa, msomaji. Niliporudi nyumbani mwisho wa mwezi sikuachwa nilipe chai yangu. Akina mama waliniletea ndizi za kuiva, wazee walinituma nimsalimie fulani wa Nakuru.

Nilijiona pia kuwa mtu mwadilifu. Vijana walikuja mlangoni na kaseti zao, na ndani ya bahasha ya kaseti mkawa na noti iliyokunjwa. Nilizirudisha zote. Nilikuwa nimesoma habari za Alan Freed wa Marekani, yule aliyelieneza jina la roki duniani. Mwaka 1959 alipoteza kazi yake ya redio kwa ajili ya kashfa ya hongo za wauza santuri, mwaka 1962 akakiri kosa mahakamani, na mwaka 1965 akafa akiwa na miaka 43 tu. Nikaapa kwamba hayo hayatanipata. Nililala usingizi mzuri kwa sababu sikupokea kitu cha mtu.

KARATASI YA NYIMBO

Sasa nieleze jambo ambalo msikilizaji halioni. Kila mpiga santuri hupewa karatasi, na kwa kila wimbo anaoupiga yampasa kuandika jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi na muda wake. Karatasi hiyo si ya mapambo. Nyimbo zina wenyewe. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, palikuwa na santuri zilizochapishwa onyo kwamba zisipigwe redioni, maana wanamuziki waliona kwamba redio inawala bure. Kwetu Chama cha Haki za Muziki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983. Kituo cha redio hulipia leseni, nazo pesa hugawanywa kwa kufuata nyimbo zilizopigwa. Asiyeandikwa, kwa hesabu hiyo, hakuimba.

Nami niliandikaje? Nyimbo za watu mashuhuri niliziandika sawasawa, maana majina yao niliyajua kwa moyo. Lakini zile santuri zenye wino juu ya jina, au zilizochubuka, zilinichelewesha. Kipindi kikiisha nilikuwa nimechoka, matatu ya mwisho ya kwenda Kutus inaondoka, na msimamizi anataka karatasi isiyo na pengo. Basi pale penye pengo nilijaza jina lolote kubwa lililonijia kichwani. Nani atajua? Ni wimbo wa dakika tatu tu.

Palikuwa na wimbo mmoja hasa ambao simu zilinijia kuuomba, wimbo wa mtu anayemlilia msichana aliyeshuka Mwea kupanda mpunga asirudi tena mlimani. Gita lake lilikuwa jepesi kama maji ya Nyamindi asubuhi. Niliupiga tangu mwaka 2001 hadi mwisho wa 2004. Hewani niliutambulisha kwa maneno haya: "Na huu ni ule wa zamani mnaoupenda." Kwenye karatasi nilimwandika mwimbaji mkubwa ambaye hakuwahi kuuimba.

"WANIIMBISHA, LAKINI HUNIITI"

Mwezi wa Desemba 2004 nilihudhuria sherehe ya mahari ya binti wa jirani, vilima viwili kutoka kwetu. Baada ya chakula mzee mmoja mwenye kofia ya sufi akaja kuketi kando yangu. Alinisalimu, akaniuliza habari za mama, kisha akasema, "Wewe si mtoto wa yule mwenye gramafoni?"

Nikamjibu, "Ndimi, mzee."

"Ndiwe wa redio Jumapili?"

Nikatabasamu, nikingoja sifa kama nilivyozoea. "Ndimi."

Mzee akanyamaza kidogo, akachora ardhini kwa fimbo yake. "Mwanangu," akasema, "waniimbisha kila mara, lakini huniiti."

Sikumwelewa. Ndipo akaanza kuimba polepole, kwa sauti iliyokwaruza, ule wimbo wa msichana wa Mwea. Hakuuimba kama mtu aliyeusikia redioni. Aliingia mahali ambapo gita huingia, akalifuata kwa vidole juu ya fimbo, na alipofika penye kosa dogo la mpigaji, ambalo mimi nililijua kwa kuwa nimelisikia mara mia, vidole vyake vikalirudia kosa lile lile.

Alinieleza kwamba waliurekodi Nairobi mwaka 1978, yeye na wenzake wawili, kwa pesa zilizobaki za kahawa. Santuri zilichapishwa chache. Nakala yake ya mwisho aliiazimisha katika harusi, isirudi. Gita aliliuza mtoto alipougua. Nilimwuliza kama ana hasira nami kwa ajili ya pesa. Akatikisa kichwa. "Pesa ningezipenda, nani asiyezipenda? Lakini wajukuu wangu, wimbo ukipigwa, nikiwaambia ni mimi, huchekana. Husema guka anaota. Wanangoja redio iseme."

Kwa muda wa miaka mitatu na zaidi, wajukuu wale walikuwa wamekaa kuizunguka redio wakingoja nitamke maneno mawili, jina la mzee na la baba yake, nami nikawaambia, "Huu ni ule wa zamani mnaoupenda."

Jumamosi iliyofuata nililibeba sanduku hadi kwake. Tuliitafuta santuri ile, tukaikuta. Katikati yake palikuwa na jina la baba yangu, kwa herufi kubwa nzuri za mtoto wa shule. Nikachovya pamba katika spiriti, nikaupangusa wino kidogo kidogo, nikiogopa kuyachubua maandishi yaliyo chini. Wino ulitoka kwa shida. Herufi moja ikaonekana, kisha ya pili. Wajukuu walikuwa wameinama juu ya meza hata wakanizibia mwanga. Mkubwa wao, msichana wa darasa la tano, ndiye aliyesoma kwa sauti jina zima la babu yake. Mzee hakusema neno. Alinyosha mkono, akaigusa santuri kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima uji kama umepoa.

Kesho yake saa nane na robo nililitaja jina lake hewani, mara mbili, na jina la kijiji chake, na majina ya wenzake. Nikalijaza katika karatasi. Baadaye nilimsaidia kuandika fomu za kujiandikisha kuwa mtunzi. Lakini karatasi zilizotangulia hazikurudi. Nilihesabu katika shajara yangu nikakuta nimeupiga wimbo ule mara 64. Mimi niliyezirudisha noti za vijana nilikuwa nimechukua kilicho cha mzee mara 64, na sikupata hata senti moja ya kununulia mawe ya redio. Mwizi wa kuku hula kuku, lakini mimi nilikula nini?

Mzee alifariki mwaka 2009. Msomaji atastaajabu kwamba hata hapa sijalitaja jina lake. Wanawe bado wanalishughulikia suala la urithi wa nyimbo zake, kwa maana sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, nao wameniomba nisiliandike gazetini kabla mambo hayajamalizika. Nimewatii. Safari hii si uvivu.

JINA NI NUSU YA WIMBO

Wako watakaosema kwamba muziki ukipendwa yatosha. Haitoshi. Mwaka 1968 kikundi cha Uingereza, The Tremeloes, kiliimba Helule Helule, na wimbo huo ukapanda katika orodha za huko. Leo tunaweza kusema bila kubabaika kwamba wimbo huo asili yake ni Daudi Kabaka wa Kenya, kwa kuwa jina lake liliandikwa. Lakini tazama Malaika. Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaueneza duniani, Boney M wakauimba mwaka 1981, hata hivyo mabishano juu ya nani hasa aliyeutunga yaliendelea mpaka Fadhili akaingia kaburini mwaka 2001, na hayajakoma. Ikiwa wimbo unaoimbwa na ulimwengu mzima waweza kupotelewa na mwenyewe, je, ule wa msichana wa Mwea?

Niliacha redio mwaka 2012, nikarudi nyumbani na sanduku langu. Tangu hapo ninapangusa wino wa baba, wino wangu mwenyewe, santuri moja baada ya nyingine. Pale ambapo karatasi imechubuka kabisa, hutazama namba iliyokwaruzwa kwenye santuri yenyewe, karibu na shimo, kisha nachukua fimbo yangu na kwenda kuwauliza wazee: Kabare, Kiamutugu, Kutus, mpaka Embu. Kila mwaka wanaoweza kunijibu hupungua. Zimebaki zile bahasha 9.

Mambo Mbotela naye alituaga mwezi wa Februari mwaka 2025. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa shambani, nikaweka jembe chini. Swali lake nililisikiliza utoto wangu wote nikidhani lawahusu wanaotema mate barabarani na wanaosukumana katika foleni. Halikunijia akilini hata siku moja nilipokuwa nimeishika kalamu mbele ya ile karatasi.

Kama nyumbani kwako mna santuri za zamani, msomaji, au kaseti zilizoandikwa "mchanganyiko" tu, zitoe leo uzifute vumbi. Mwulize mama, mwulize mjomba: huyu ni nani? Alitoka wapi? Liandike jina kabla mwenye kulijua hajaondoka. Na wewe kijana uliyeketi sasa hivi studioni, mtambo wako umejaa nyimbo elfu nyingi na wala huna santuri ya kupangusa. Kabla hujausukuma wimbo uende hewani, mtaje aliyeuimba. Huenda kuna watoto mahali fulani wanaoizunguka redio, wakingoja kuambiwa kwamba babu yao haoti.